Fizi na Baraka: Pumzi ikikata usiku, barakoa yenye upepo ingeweza kufanya nini?

Baraka, Kivu Kusini – Mgonjwa wa moyo ambaye mapafu yake yameanza kujaa maji hajilazi. Hukaa kwenye ukingo wa kitanda, mikono juu ya magoti, dirisha likiwa wazi hata kama upepo wa ziwa ni wa baridi. Akijaribu kulala, pumzi inakata na anaamka kama mtu aliyetolewa majini. Jamaa zake humwongezea mito, kisha hukunja godoro nyuma ya mgongo wake, na mwishowe mmoja anatoka kutafuta mwenye pikipiki.

Kila familia iliyo na mtu wa moyo, wa pumu ya muda mrefu au aliyebaki na mapafu mabovu baada ya kifua kikuu inaujua usiku wa namna hiyo. Kinachofuata hospitalini hutegemea vitu vichache: sindano ya kukojoza maji, oksijeni, muuguzi aliye macho, na umeme. Mahali ambapo vifaa vinatosha kuna hatua nyingine katikati, kabla mgonjwa hajafikia kulazwa usingizi na kuingizwa bomba kooni. Waganga waliosoma kwa Kifaransa wanaiita VNI. Ni barakoa inayobana pua na mdomo, iliyounganishwa kwa mpira na mashine ndogo inayosukuma hewa. Hakuna kukata koo wala kuingiza bomba, na mgonjwa anabaki macho, anaitika akiulizwa, anaweza kuivua akitaka kutema mate.

Isichanganywe na kashene ya wakati wa korona. Ile ilikuwa kitambaa cha kuzuia mate. Hii inafungwa kwa mikanda nyuma ya kichwa, na hewa inaingia kwa nguvu.

Kumsaidia mtu aliyechoka kupumua

Kuna aina mbili ambazo mtu anaweza kuzisikia zikitajwa hospitalini. Ya kwanza ni CPAP, inayosukuma hewa kwa nguvu moja muda wote, mgonjwa akivuta au akitoa pumzi. Daktari Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, waliitangaza mwaka 1981 kwa ajili ya watu ambao koo lao hujifunga wakiwa usingizini. Ya pili ni BiPAP, yenye nguvu mbili: kubwa wakati wa kuvuta pumzi, ndogo wakati wa kuitoa.

Tofauti hiyo ina maana kwa sababu magonjwa hayafanani. Mtu wa moyo anayezama kwa maji yake mwenyewe anahitaji kitu cha kuyazuia maji yasiendelee kuingia katika vifuko vya mapafu. Upepo wa CPAP hufanya hivyo, na pia hupunguza kiasi cha damu kinachorudi kwa wingi kwenye moyo uliochoka. Mtu ambaye mapafu yameharibiwa na moshi au vumbi ana shida nyingine. Hewa inaingia, lakini kutoka ndiyo kazi. Misuli ya kifua inachoka, hewa chafu ya kaboni inabaki ndani ya damu, kichwa kinauma, mgonjwa anaanza kusinzia. Jamaa wanafurahi: "sasa amelala." Kwa mgonjwa wa aina hiyo, usingizi huo ni hatari kuliko kuhangaika kwake kwa mwanzo. BiPAP humsaidia kila anapovuta pumzi, kama mtu anayesukuma baiskeli iliyobeba mizigo kwenye kilima: mwenye baiskeli bado anatembea, ila hayuko peke yake.

Nguvu ya upepo huo hupimwa kwa sentimita za maji. Kipimo hiki ni rahisi kukielewa kwa watu wa ziwani. Mtu akitumbukiza mpira majini sentimita tano na kupuliza, mapovu yatatoka tu akishinda uzito wa maji hayo. Hiyo ndiyo nguvu ya sentimita tano. Kuna hata CPAP ya watoto iliyotengenezwa hivyo hivyo, mpira ukiishia ndani ya chupa ya maji, na mapovu yanamwonyesha muuguzi kwamba upepo unafika.

Moshi, vumbi na moyo

Kwa nini jambo hili liwahusu watu wa Fizi, wilaya ambayo habari zake kwa kawaida ni za risasi, kipindupindu na wakimbizi? Jibu la kwanza liko jikoni. Nyumba nyingi zinapika kwa kuni au makala, mara nyingi ndani ya chumba chenye mlango mmoja. Kando ya ziwa kuna wanaokausha samaki kwa moshi siku nzima, macho yakitoa machozi. Hakuna anayehesabu miaka hiyo kama ugonjwa hadi siku mama wa miaka hamsini anaposhindwa kupanda kutoka mtoni na ndoo.

Utafiti ulio karibu zaidi na maisha haya ulifanyika Masindi, magharibi mwa Uganda, na kutolewa mwaka 2015. Watu wazima 588 wenye zaidi ya miaka 30 walipimwa pumzi. Asilimia 16.2 walikuwa na ugonjwa wa kuziba kwa njia za hewa, na karibu wote walikuwa wameishi na moshi wa kuni. Si wachache kati ya waliopatikana nao walikuwa bado katika miaka ya thelathini. Masindi si Fizi, lakini majiko yanafanana sana.

Kisha kuna migodi. Misisi, kusini mwa wilaya, inaishi kwa dhahabu, na dhahabu ya mawe inatolewa kwa kusaga mwamba. Wanaosaga na wanaotwanga, wakiwemo wanawake ambao katika migodi ya Kivu Kusini wameitwa kwa jina la nusu Kifaransa, "mama twangaises", wanavuta unga wa jiwe la kwatzi. Unga huo ukikaa ndani ya mapafu hautoki. Unaacha makovu, na mapafu yenye makovu hayo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Kifua kikuu chenyewe, hata kikitibiwa vizuri na mgonjwa akaambiwa amepona, kinaweza kuacha mapafu yaliyokunjika. Mtu huyo anarudi kituo cha afya kila mwaka na kikohozi, anapimwa makohozi, anaambiwa hakuna vidudu, anarudishwa nyumbani. Ni kweli hakuna vidudu, lakini pumzi pia hakuna.

Moyo una njia zake. Tansiyo isiyotibiwa inaunenepesha na kuuchosha. Homa ya baridi yabisi, inayoanza na koo la mtoto ambalo halikupata penisilini, inaharibu milango ya moyo. Wako pia mama wanaopata moyo dhaifu mwishoni mwa mimba au miezi michache baada ya kujifungua. Utafiti uliotolewa mwaka 2012 uliwafuata wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa kazi katika nchi tisa za Afrika, zikiwemo Uganda na Kenya. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52. Katika nchi tajiri wagonjwa wa moyo wa aina hii huwa ni wazee wa miaka sabini na zaidi. Huku ni watu ambao bado wanalipa karo za watoto. Karibu watu 18 katika kila 100 walikuwa wamefariki ndani ya siku 180.

Na kuna mgonjwa mmoja wa kifua ambaye historia ya Fizi haimsahau, ingawa hakukaa sana. Ernesto Che Guevara, daktari wa Argentina aliyekuwa na pumu tangu utoto, alivuka ziwa kutoka Kigoma na kushuka Kibamba tarehe 24 Aprili 1965 kusaidia maasi. Aliondoka Novemba mwaka huo huo. Miezi hiyo katika milima ya Fizi, pumu ilimsumbua pamoja na kuhara. Hata kwa daktari mwenye dawa zake, kifua kibovu katika milima hii ni adui wa pekee.

Ushahidi unasema nini

Kwa mgonjwa wa mapafu yaliyoziba anayefika akiwa taabani, ushahidi wa VNI una nguvu. Mwaka 1995, Mfaransa Laurent Brochard na wenzake walitoa matokeo ya wagonjwa 85 wa hospitali kadhaa za Ulaya. Kati ya waliopewa matibabu ya kawaida peke yake, asilimia 74 waliishia kuingizwa bomba. Kwa waliovikwa barakoa, ilikuwa asilimia 26. Vifo vilishuka kutoka asilimia 29 hadi 9. Ni vigumu kupata dawa ya kifua yenye hesabu kama hizo.

Hesabu hiyo inasomeka tofauti Fizi. Katika hospitali za Ulaya, barakoa ikishindwa kuna chumba cha uangalizi maalumu na mashine kubwa ya kupumulia. Mahali ambapo chumba hicho hakipo, bomba si hatua inayofuata. Barakoa inakuwa mwisho wa msaada, na watu 26 katika kila 100 ambao haikuwatosha hawana pa kwenda.

Kwa moyo, habari zimechanganyika kidogo. Jaribio kubwa la Uingereza la mwaka 2008, lenye wagonjwa 1,069 waliofika na maji katika mapafu, liliona kwamba barakoa ilipunguza kuhema haraka kuliko oksijeni ya kawaida, lakini vifo vya siku saba vilikuwa karibu sawa: asilimia 9.5 na 9.8. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2019, yaliyounganisha majaribio mengi, yaliona kwamba inapunguza vifo hospitalini na inapunguza wanaohitaji bomba. Kwa hiyo inasaidia, lakini haichukui nafasi ya dawa. Mgonjwa wa moyo aliyefungwa barakoa bila sindano ya furosemidi na bila tansiyo kushushwa amepewa nusu ya matibabu. Na hiyo sindano ni ya bei ndogo kuliko chochote kingine katika chumba hicho.

Kuna pia mahali ambapo mashine ilidhuru. Mwaka 2015 ulitolewa utafiti wa SERVE-HF, wa wagonjwa 1,325 wenye moyo dhaifu ambao pumzi ilikuwa ikikatika usingizini. Walipewa aina ya mashine yenye akili, inayobadilisha upepo yenyewe. Ilitarajiwa iwaongezee maisha. Badala yake, waliokuwa nayo walikufa zaidi kuliko wasiokuwa nayo. Anayenunua mashine ya mitumba Dubai au Bujumbura ili kumpelekea mzee wake nyumbani anapaswa kulijua hilo kabla ya kutoa dola zake.

Oksijeni nyingi mno

Kabla ya kufikiria barakoa kuna jambo ambalo halihitaji mashine mpya. Mgonjwa wa moshi au wa vumbi akifika akihema, mkono wa kwanza hufungua oksijeni hadi mwisho. Inaonekana kama huruma. Lakini kwa mapafu ya aina hiyo, oksijeni nyingi inaweza kuongeza kaboni katika damu na kumzimisha mtu polepole. Huko Tasmania, Australia, watafiti walifuata wagonjwa 405 waliobebwa na magari ya hospitali, na kutoa matokeo mwaka 2010. Waliopewa oksijeni nyingi walifariki asilimia 9. Waliopimiwa, ili kipimo cha kidoleni kikae kati ya 88 na 92, walifariki asilimia 4.

Kipimo hicho cha kidoleni, oksimita, kinaendeshwa kwa betri mbili ndogo za redio. Pengine ndicho kifaa chenye faida kubwa kuliko bei yake katika kituo cha afya chochote kati ya Nundu na Lulimba. Ila anayekisoma Minembwe, kwenye milima inayopita mita 2,000, akumbuke kwamba hewa ya huko ni nyepesi. Mtu mzima na mwenye afya anaweza kuonyesha namba chini kidogo ya yule wa Baraka, ambaye yuko kwenye ufukwe wa ziwa.

Betri moja, saa ngapi?

Hapa ndipo mazungumzo yote ya mashine Fizi huishia: umeme unatoka wapi? Huku tegemeo ni jua, betri na jenereta za mazutu au esansi. Inafaa basi kufanya hesabu, kwa sababu matokeo yake yanashangaza.

Mashine ya kuchuja oksijeni kutoka hewani, ambayo hospitalini huitwa konsantrateri, ile ya lita tano kwa dakika, inakula takribani wati 350. Kwa saa 24 ni zaidi ya kilowati-saa nane. Betri moja ya volti 12 yenye ampea-saa 100, inayotumika bila kuharibiwa, yaani hadi nusu yake, inatoa kama kilowati-saa 0.6. Mashine hiyo haitafika saa mbili.

BiPAP ya kawaida, bila chombo cha kupasha maji joto, inakula kama wati 30 hadi 60. Betri hiyo hiyo inaweza kuiendesha usiku mzima. Maana yake, kinachomeza umeme ni oksijeni yenyewe kuliko upepo. Kwa mgonjwa wa moyo au wa mapafu ambaye anahitaji vyote viwili, hospitali inaweza kuiendesha barakoa kwa jua na kuunganisha oksijeni ya chupa. Chupa kubwa ya lita 6,800, ikifunguliwa lita mbili kwa dakika, inadumu saa 56 hivi. Ikifunguliwa lita tano, haifiki siku moja. Na chupa tupu inabidi isafirishwe kujazwa, barabarani au kwa boti. Muuguzi anayejua kuipunguza oksijeni hadi kipimo cha 90 anaokoa mgonjwa na chupa pamoja.

Kwamba jua linaweza kubeba oksijeni si ndoto. Katika vituo 20 vya afya nchini Uganda, mashine za oksijeni ziliwekewa paneli na betri za kutosha, na matokeo yakatolewa katika jarida la The Lancet mwaka 2024: vifo vya watoto waliofika na oksijeni ndogo mwilini vilipungua kwa karibu nusu. Jua la Baraka halina upungufu kuliko la Uganda. Lakini paneli zinahitaji mtu wa kuzifuta vumbi, betri zinahitaji kubadilishwa baada ya miaka, na chujio la konsantrateri linahitaji kuoshwa kila juma. Nyuma ya hospitali nyingi za Kivu kuna chumba cha mashine zilizokufa kwa sababu ya kitambaa cha chujio.

Muuguzi mmoja, vitanda ishirini

Somo chungu zaidi linatoka Malawi. Katika hospitali ya wilaya ya Salima, watafiti walilinganisha CPAP ya mapovu na oksijeni ya kawaida kwa watoto 644 wenye nimonia kali. Kila mtu alitarajia mapovu yashinde. Mwaka 2019 matokeo yalitoka: katika kundi la CPAP walifariki asilimia 17, katika kundi la oksijeni ya kawaida asilimia 11. Mashine zilikuwa nzuri na wauguzi walifundishwa. Kilichokosekana ni daktari wa kumwangalia mtoto kila siku na kusema nani aivae, nani avuliwe.

Wale walikuwa watoto, na ugonjwa wao haukuwa wa muda mrefu. Hata hivyo, anayetaka kuleta VNI Fizi asome Salima kabla ya kufungua kasha. Barakoa inayobana vibaya inavuja. Inayobana mno inatoboa ngozi ya pua ndani ya siku moja. Mgonjwa anayetapika ndani yake anaweza kuvuta matapishi. Aliyezimia hafai kuvikwa pasipo mtu wa kumlinda njia ya hewa. Mwenye jeraha la risasi kifuani na hewa iliyovuja nje ya pafu hafai kabisa kabla ya kutobolewa na kuwekewa mpira, kwa kuwa upepo ule utamalizia kulikandamiza pafu na moyo. Katika wilaya ya Fizi hilo si swali la mtihani. Na mgonjwa ambaye kifua kikuu chake hakijapimwa, akisukumiwa hewa, anaitawanya kupitia matundu ya barakoa kwa wote walio chumbani. Madirisha yafunguliwe, makohozi yapimwe.

Saa ya kwanza ndiyo inayoamua. Muuguzi anakaa pembeni, anaishika barakoa kwa mkono bila kuifunga, anaanza na upepo mdogo, anaongea na mgonjwa mpaka woga upungue. Kisha anahesabu pumzi. Zikishuka kutoka arobaini kwa dakika hadi ishirini na tano, na mgonjwa akianza kusema sentensi nzima, kazi inaenda vizuri. Zisiposhuka ndani ya saa moja au mbili, mpango ubadilike. Hiyo ina maana muuguzi mmoja kwa mgonjwa mmoja, saa nzima, usiku. Mahali ambapo muuguzi wa zamu ana chumba kizima cha watu, ndiyo gharama kubwa kuliko mashine.

Woga nao si wa mgonjwa peke yake. Katika hospitali nyingi za Afrika, familia huamini kwamba aliyewekewa oksijeni amekwisha. Wamewaona wengi wakiwekewa na kufa, kwa kuwa waliwekewa saa ya mwisho. Shemeji anakataa, mama mkwe anaanza kulia, mtu anauvuta mpira. Muuguzi anayewaeleza wakubwa wa familia kabla ya kuvalisha barakoa hajapoteza wakati.

Barabara na bili

Zamani, mgonjwa mgumu wa Baraka alipelekwa Uvira, kama kilomita 90 kwa barabara ya taifa namba 5, au mbele zaidi hadi Bukavu. Mito inayoshuka milimani huharibu madaraja wakati wa mvua, na vizuizi vya watu wenye silaha haviulizi kama aliyelala nyuma ana oksijeni. Februari 2025 Bukavu iliangukia mikononi mwa AFC/M23, na Desemba 2025 vita vilifika Uvira. Njia ya rufaa ikawa mstari wa mbele. Inabaki ziwa: Kigoma, ng'ambo, ambako maelfu ya watu wa Fizi waliishi kama wakimbizi tangu 1996 na ambako wengi wangali na ndugu Nyarugusu. Lakini mtu anayezama kwa pumzi yake mwenyewe hasafirishwi usiku ndani ya boti lenye injini ndogo.

Ndiyo maana swali la VNI linakuwa la Baraka, Fizi na Nundu zenyewe. Wilaya imezoea kupata msaada na kuupoteza. Mwezi Desemba 2020 Madaktari Wasio na Mipaka walitangaza kuacha sehemu kubwa ya kazi yao Fizi baada ya mashambulizi dhidi ya watu wao. Wakimbizi wa Burundi walioko Lusenda na Mulongwe wanatumia huduma za afya za eneo hilo hilo. Mashine inayotegemea shirika moja huondoka na shirika hilo, au inabaki bila mpira wa kubadilishia.

Na bili? Mpango wa serikali wa huduma ya afya kwa wote, uliozinduliwa Septemba 2023 kwa uzazi wa bure, ulianza na mama anayejifungua na mtoto mchanga. Mzee wa moyo hamo. Familia yake inalipa kitanda, sindano, oksijeni kwa saa au kwa siku, na akitoka inaanza kutafuta vidonge vya kila siku, vya maisha yote. Hapo ndipo wengi hukwama. Mgonjwa anaokolewa usiku mmoja kwa nguvu nyingi, anapewa vidonge vya juma mbili, anarudi mwezi unaofuata kwa pikipiki ile ile.

Ulaya na Marekani, baadhi yao hupewa mashine nyumbani. Tangu majaribio ya 1980 na 1981 inajulikana kwamba oksijeni ya nyumbani, angalau saa 15 kwa siku, huongeza maisha ya wenye mapafu yaliyoharibika sana. Na mwaka 2017, nchini Uingereza, wagonjwa 116 wa aina hiyo walifuatwa: walioongezewa BiPAP ya usiku walikaa wastani wa miezi 4.3 kabla ya kulazwa tena au kufariki, wenye oksijeni tu miezi 1.4. Nyumba inayowasha taa moja kwa paneli ndogo haiwezi kuendesha konsantrateri saa 15. BiPAP ya wati 40 ingewezekana, mtu akiwa na betri mbili nzuri na muuguzi anayepita mara moja kwa mwezi kuipima. Kwa sasa nyumba nyingi zinaweza zaidi mambo madogo: kuhamishia jiko nje, kupunguza chumvi, kumpima uzito mgonjwa wa moyo kila asubuhi na kurudi kituoni akiongezeka kilo mbili ndani ya siku chache, kabla miguu haijafura na kabla ya ule usiku wa kukaa kitandani.

Uzito huo unaweza kupimwa kwenye mizani ya kituo cha afya. Ikiwa haipo, wako wanaotumia ya muuza samaki.